Mgonjwa aliyenyamaza: maswali ya "nani kwanza" kwenye NCLEX

Nilipojaribu kwa mara ya kwanza maswali ya mazoezi ya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, nilikuwa na miaka sita wadini hapa Mombasa, na nikajiona mjuzi. Katika maswali kumi ya "muuguzi amwone nani kwanza" nikakosa saba.

Moja silisahau. Wagonjwa wanne: mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni asilimia 90. Kijana aliyevunjika mguu, kafungwa plasta, kadungwa mofini na bado analia. Mama wa sukari iliyopanda kidogo. Na mtu aliyepasuliwa jana, joto 37.8. Nikamkimbilia mzee. Si ndivyo tulivyokariri chuoni, njia ya hewa, pumzi, kisha damu?

Jibu lilikuwa kijana. Mzee wa mapafu sugu hulengwa 88 hadi 92, kwa hiyo 90 ndiyo hali yake ya kila siku. Lakini maumivu ya plasta yasiyotulizwa na mofini yana maana kwamba mguu umevimba ndani, misuli imebanwa na damu haipiti vizuri. Ukimchelewesha saa chache, mguu unaharibika.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuhesabu pumzi na damu, najiuliza: hili ninaloambiwa, kwa ugonjwa huu, lilitarajiwa? Mgonjwa wa pumu kupiga filimbi kifuani kunatarajiwa. Filimbi ikikatika ghafla naye bado ahangaika kuvuta pumzi, hewa haipiti tena. Kule wadi, ndugu zake watasema alhamdulillahi, katulia. Kwenye mtihani ndiye wa kwanza, na kwa kweli hata wadini ndiye wa kwanza. Vivyo hivyo aliyetolewa rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni, akakwambia midomo na vidole vinamfanya ganzi: kalisi imeshuka, na koo laweza kubana. Bibi aliyeanza kuchanganyikiwa leo asubuhi humtangulia bibi aliyechanganyikiwa tangu mwaka jana. Tafuta maneno kama "ghafla", "sasa" na "mpya". Mara nyingi jibu limejificha hapo.

Shida yetu sisi tuliofanya kazi ni mazoea. Muuguzi mmoja, wagonjwa thelathini, ndugu mlangoni wanaita "Sista! Sista!", basi unamwendea mwenye kelele ili upate nafasi ya kupumua. Wadi ya mtihani haiko hivyo. Oksijeni haijaisha, dawa zipo, daktari akiitwa anapokea simu. Usijibu ukiwaza inchaji wenu, msimamizi wa wadi, angesema nini.

Kuhusu hiyo simu ya daktari: chaguo la "mjulishe daktari" hunasa wengi. Kama swali halijakupa vipimo, mwangalie mgonjwa kwanza. Kama vipimo umeshapewa na mtu anazama, usipime tena, tenda. Mkalishe, mpe oksijeni, ndipo upige.

Ya kugawa kazi ni mepesi: kutathmini, kufundisha na kuamua havikabidhiwi msaidizi. Basi.

Tangu Aprili 2023 mtihani una maswali 85 hadi 150 kwa saa tano, na ukishajibu huwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo usilifie swali moja.

Mazoezi yangu yalikuwa kwenye feri ya Likoni, daftari dogo mkononi, watu na mikokoteni wakinisukuma. Kila swali nililazimika kuandika sababu ya kila mmoja wa wale watatu waliobaki kusubiri. Hii ndiyo iliyonisaidia kuliko maelfu ya maswali ya simuni, kwa sababu jibu sahihi unaweza kulibahatisha, lakini sababu ya kumwacha mtu asubiri huwezi. Kuna siku mama mmoja aliyekuwa na beseni la viazi alichungulia daftari, akasoma, akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa plasta alipona?" Nikamwambia ni swali tu la mtihani. Hakuridhika. "Sawa, lakini alipona?"