Re: Naamka saa nane usiku moyo ukidunda, je, imani yangu ni haba?

Bwana Yesu asifiwe, dada wa Masasi. Kuhangaikia malipo ya korosho na ada za watoto si upungufu wa imani. Nabii Elia alipoomba afe, Mungu alimwacha alale na kumlisha mara mbili kwa mkono wa malaika kabla ya kumwuliza lolote (1 Wafalme 19:4-9).

Umesema Wafilipi 4:6 haikutulizi. Wengi huishia kwenye "msijisumbue" na kujiona wanakemewa. Endelea na mstari huo: mtajie Mungu haja yenyewe, kiasi na tarehe, kisha shukuru kwa jambo moja la leo. Mstari wa 7 hauahidi fedha, unaahidi ulinzi wa moyo. Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni.

Ukiamka, usishike simu. Kaa kitandani, miguu sakafuni. Vuta pumzi ukihesabu 4, moyoni ukisema "Siku ya hofu yangu". Itoe taratibu ukihesabu 6, "nitakutumaini Wewe" (Zaburi 56:3). Rudia mara kumi. Ukiharakisha utasikia kizunguzungu. Mstari mmoja watosha. Kurukaruka kurasa huzidisha mawazo.

Chai ya rangi ya usiku iache. Hali ikipita wiki mbili, nenda hospitali ya Ndanda au ya Ligula, Mtwara, ukapimwe, tafadhali, huku ukiendelea kuomba.