Maswali yenu: Itzhak Perlman, fidla na darasa

Binti yangu anatembea kwa magongo, na anataka kujifunza fidla. Je, jukwaani kuna nafasi yake? (Mama, Tanga)

Ipo, mama, muanzishe. Itzhak Perlman, mpiga fidla mashuhuri duniani, alizaliwa Tel Aviv mwaka 1945, akaugua polio akiwa na miaka 4. Hadi uzeeni anatumia magongo au kigari cha umeme. Hupiga akiwa ameketi, na mara nyingi mwenzake ndiye humbebea fidla hadi kitini. Mwaka 1964 alishinda shindano kubwa la Leventritt, New York. Kinachowazuia wengi kama binti yako ni ngazi na milango, kwa hiyo likague darasa kabla hujalipa ada.

Mpigaji wa kiwango kile anafuata nini kufundisha? (Msomaji, Nakuru)

Kwa maoni yangu, yeye mwenyewe ni zao la darasa. Pale Juilliard, chuo cha muziki cha New York, alikuwa na walimu wawili. Ivan Galamian aliamuru: kidole hapa, upinde pale. Dorothy DeLay, aliyekuwa msaidizi wa Galamian, alipendelea kumuuliza mwanafunzi anaisikiaje noti aliyoipiga. Perlman amesimulia kwamba mwanzoni mtindo huo wa maswali ulimuudhi, ila leo ndio anaoufuata. Namuelewa kabisa. Anayeamriwa tu hupiga vizuri mwalimu akiwepo, lakini aliyezoea kuulizwa hujisahihisha hata akiwa peke yake. Mkewe Toby, naye mpigaji fidla, alianzisha programu ya vijana mwaka 1994, na Perlman hufundisha humo. Wanafunzi wote humo huimba kwaya, hata wasio na sauti nzuri, na hilo nalipenda sana: sikio hufunzwa kwa koo kabla ya vidole.

Nifanye mazoezi saa ngapi kwa siku?

Ushauri wa Perlman: piga dakika 50, pumzika 10, na jumla isizidi saa tano kwa siku. Tena polepole. Chukua mstari unaokushinda, uupige taratibu hadi usikie kila noti, ndipo uongeze mwendo.

Fidla ya bei nafuu itaniharibia mkono? (Kijana, Unguja)

Perlman anapiga Stradivarius ya mwaka 1714, yaani fidla ya thamani kubwa iliyoundwa na fundi wa Italia, Stradivari, na iliyowahi kuwa ya mpiga fidla mwingine mashuhuri, Yehudi Menuhin. Wewe huhitaji hiyo. Kinachotesa wanaoanza ni nyuzi zilizochakaa, au kile kijiti kinachozibeba kikiwa juu mno, vidole vikauma bure. Kabla ya kununua, mpelekee mpiga fidla wa taarab aipige na kuikagua.