Mario kwenye simu, mbona mashabiki walinuna?

SWALI: Mambo mhariri, eti Nintendo, wale Wajapani wa gemu za Mario, walivyoingia kwenye simu mashabiki wao walichukia, kisa nini?

JIBU: Poa mdau. Machi 2015 bosi wao Iwata alitangaza wanashirikiana na DeNA, kampuni ya gemu za simu, wengine wakahofia konsoli, zile mashine zao za gemu, ndo basi tena, kumbe siku hiyohiyo akagusia mashine mpya, ndo hiyo Switch. Kasheshe yenyewe ni Desemba 2016, Super Mario Run imetoka kwenye iPhone, unaonja hatua chache bure afu unadaiwa karibu dola 10, na lazima intaneti iwe hewani muda wote, watu wakaibamiza nyota moja moja. Mi naona walimwonea Mario, si unalipa mara moja yanaisha? Gemu yao nyingine ya simu, Fire Emblem Heroes ya 2017, ni bure ila bahati nasibu yake ya wahusika inakukamua taratibuuu, na ndo iliyoingiza hela zaidi.