Shati lililoishia njiani

SWALI: Shikamoo Mjomba. Natengeneza gemu ya kiwanda cha ushonaji. Shati linapitia kukata, kuunga, vifungo na pasi. Fundi akishikwa na njaa katikati, kazi inafutika na kitambaa kinapotea. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mpwa. Kitambaa kisipotee! Mchezaji atakusamehe mengine, hilo hapana. Kwenye gemu ya RimWorld, fundi akiondoka hubaki kitu ambacho hakijakamilika, kikikumbuka kazi iliyosalia, na aliyekianza ndiye pekee wa kukimalizia. Kwa sanamu, sawa: ubora ni wa mkono mmoja. Kwa shati ningeiacha sheria hiyo. Fundi gani asiyemwachia kijana wake vifungo?

Ila usiunde bidhaa mpya kwa kila hatua, stoo itajaa takataka. Kiporo, yaani shati lililoishia njiani, kiwe kimoja, kibebe hatua kilipofikia, kazi iliyobaki na aina ya kitambaa. Kipande kipe jina lake pale tu kinapotumika kwingine. Gemu ya viwanda ya Factorio ina waya wa shaba kama bidhaa kamili kwa sababu unaingia kwenye vitu vingi: bamba 1 hutoa waya 2, saketi ya kawaida hula 3. Kola inaweza kuuzwa peke yake. Mkono wa kushoto wa shati, wapi!

Mchezaji akighairi, mrudishie kitambaa pungufu, maana mkasi umeshapita. Halafu hifadhi gemu fundi akiwa kwenye kifungo cha pili, ifunge, ifungue tena. Viporo vingi hupotelea hapo.