Maharage ya koko na mshale wa kwenye ramani

Mmeuliza wiki hii: vitabu vya historia ya vita na tamthilia za polisi kwenye televisheni vina utamu gani? Hapa kwetu Kadutu swali hilo ni la zamani. Mke wangu huniuliza kila anaponikuta na kitabu chenye picha ya kifaru: "Baba Neema, kweli vita haijakutosha?" Sisi ni watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Ana haki ya kuuliza.

Jibu langu linaanzia kwa koko, mama yake mama. Vita alivyoviona akiwa na mtoto mmoja mgongoni anaviita "wakati wa Schramme", na ukimwomba asimulie, atakusimulia sufuria. Maharage yalikuwa yamebakiza kidogo kuiva. Risasi zikalia upande wa ziwa, jirani akapiga kelele, koko akaepua, akamwaga maji, akafunga sufuria kwenye kitenge na kushika njia ya Walungu kwa miguu. Maharage yale magumu waliyatafuna njiani. Nani alimpiga nani, kwa nini, kwa muda gani? "Siku nyingi, mjukuu wangu." Basi.

Kisha siku moja, kule Nyawera, mtaa wa hapahapa mjini, nikanunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara kitabu cha Kifaransa kilichokwisha kupoteza jalada. Humo ndimo nilimojua kwamba mamluki waliasi Kisangani tarehe 5 Julai 1967. Kwamba Schramme, mlowezi wa Kibelgiji, alikuja huku na wazungu wenzake pamoja na askari wa Katanga, wakaiteka Bukavu mwezi wa Agosti, jeshi la taifa likawazingira, hadi mwanzoni mwa Novemba walipovuka mto Ruzizi kuingia Rwanda. Karibu miezi mitatu! Maharage ya koko yakapata tarehe. Kwenye ramani kuna mshale mweusi unaotoka magharibi hadi ziwani. Nilipapasa kwa kidole nitafute sufuria ilipokuwa, nikakuta kichwa cha mshale kimepafunika.

Utamu wenyewe ndio huo. Ukiwa ndani ya vita unajua mlio, mpango huujui. Mwenye kitabu anakuja baadaye na saa, na idadi, na jina la daraja. Simwamini kwa kila kitu, maana baadhi ya wanaoandika walikuwa wenye bunduki wenyewe na wanajitetea. Schramme naye aliandika chake. Hao sufuria hawaitaji.

Tamthilia za polisi ni ugonjwa wa jioni, umeme ukiwapo. Niipendayo ni ya zamani, Columbo, iliyotiwa sauti za Kifaransa. Muuaji unaonyeshwa mapema kabisa (kwa hiyo umeme ukikatika katikati, hamkosi usingizi). Kinachokuweka kwenye kiti ni mpelelezi mwenyewe, anayeigizwa na Peter Falk, na koti lake lililokunjamana: anaaga, anafika mlangoni, kisha anageuka na swali jingine. Mke wangu, huyohuyo asiyetaka vita, hapo hujipiga paja: "Ndiyo, rudi!"

Nadhani najua kwa nini. Mwaka juzi tuliibiwa jenereta. Katika ofisi nilikopeleka mashtaka niliambiwa nilete karatasi, halafu pesa ya kalamu, halafu nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu nne. Wa kurudi nilikuwa mimi peke yangu.

Hivi karibuni nikagundua kwamba mapenzi yangu haya mawili yaliwahi kukutana kwa mtu mmoja. Mwaka 1986 mahakama nchini Ubelgiji ilimhukumu Schramme kwa mauaji, bila yeye kuwapo. Alikuwa Brazili, na alifia hukohuko mwaka 1988. Nikamwendea koko mbiombio. Alikuwa uani anachambua sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Koko, yule Schramme walimhukumu. Kwa kuua."

"Kuua wangapi?"

"Mmoja. Mbelgiji mwenzake, mwaka uleule wa vita."

Akatoa kijiwe kwenye sambaza, akakitupa.

"Jina la huyo mmoja wanalijua?"

"Wanalijua."

"Haya," akasema, akanisogezea ungo nimsaidie.