Jiwe lile msilivunje

SWALI: Shikamoo Mzee. Nauza matunda katikati ya jiji la Mwanza, jirani na kibustani cha umma. Nyasi zimekwisha, benchi limebaki moja, na mchana hakukaliki kwa jua. Wafanyabiashara tumechangishana tukitengeneze. Wenzangu wanataka kuvunja jiwe kubwa la katikati, kuweka pevingi kote na kupanda mistari miwili ya miashoki. Mimi naona ndege pale kila asubuhi, nahofia watahama. Niwaambie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na jiwe. Nilipokuwa bwana shamba niliwahi kuruhusu jiwe kama hilo lipasuliwe, na mpaka leo nawakumbuka mijusi waliobaki wakihangaika juu ya kifusi. Mjusi huyo ni wa kwenu hasa, hata wataalamu wamempa jina la mji: Agama mwanzae. Kesho saa tatu asubuhi simama mbali kidogo, umtazame dume akiota jua, kichwa na kifua vyekundu, mwili wa buluu, akitikisa kichwa kuwaonya madume wenzake. Zile nyufa ndiyo nyumba yake.

Mwashoki hupanda juu umebana kama nguzo. Saa saba mchana mtasimama chini yake na jua litawapata vilevile. Pandeni mkuyu. Mmoja tu, mbali na kuta na mabomba, maana mizizi yake haina adabu ikikosa nafasi. Jina la Mkuyuni mnalitaja kila siku kwenye daladala, basi mti wenyewe nao uonekane mjini! Ukizaa, pasua kuyu lililoiva: ndani utakuta vijidudu vidogo mno. Watu huyatupa kwa kinyaa, kumbe vile ni vijinyigu vinavyochavusha maua yaliyofichwa humo ndani. Ndege watakula mchana, popo usiku, na ninyi mtapata kivuli kipana.

Pevingi iwe ya njia tu, tena pale ambapo miguu ya watu tayari imechora njia. Mwanza ni vilima. Mvua ikinyesha maji yanaporomoka na taka zake hadi Mto Mirongo, kisha ziwani. Udongo ulioachwa wazi na kupandwa nyasi huyanywa mengine njiani. Madebe ya taka yawe na vifuniko vizito, la sivyo wale korongo wakubwa wenye upara watatawanya kila kitu.

Benchi msiliweke kwenye jua mkisubiri mti ukue. Wekeni upande ambao jengo la jirani linatupa kivuli alasiri, mtalihamisha baadaye.

Mpande mvua za vuli zikishaanza. Kazi ngumu ni kiangazi cha Juni hadi Septemba, na hapo namtegemea mtu anayeshinda hapo, yaani wewe. Maji unayooshea matunda usiyamwage barabarani. Ndoo moja shinani kila jioni, taratibu, mpaka mvua zirudi.