Kuunganisha GPS na skana ya mkononi: hakikisha data kwanza, waya baadaye

Kinachowapotezea watu wengi pesa ni kipokezi cha GPS chenye plagi ya USB. Kinapatikana kwa urahisi, na skana za mkononi za Uniden (redio za kusikiliza mawasiliano ya polisi, zimamoto na huduma nyingine) kama BCD325P2, BCD436HP na SDS100 nazo zina tundu la USB. Mtu ananunua, anatafuta kipande cha kubadilisha plagi, anachomeka, na hakuna kinachotokea. Anabadilisha kebo, bado. Kosa haliko kwenye kebo. Katika USB lazima upande mmoja uwe mwenyeji, na kwa kawaida mwenyeji ni kompyuta: ndiye anayeuliza, upande wa pili hungoja kuulizwa. Skana imeundwa ingoje, na GPS hiyo nayo imeundwa ingoje. Ni wageni wawili waliokutana barazani, kila mmoja anasubiri mwenzake amkaribishe ndani. GlobalSat BU-353 na ndugu zake wa USB waachie kompyuta mpakato.

Skana inachotaka ni data ya siriali: herufi zinazopita kwenye waya mmoja, kwa kasi inayojulikana, katika muundo wa NMEA 0183, lugha ya kawaida ya vipokezi vya GPS. Muundo huo una sentensi nyingi, yaani mistari ya data, lakini skana inahitaji mbili tu, GGA na RMC. Humo mna latitudo, longitudo, saa, mwendo na uelekeo. Skana inalinganisha mahali ulipo na eneo lililoandikwa kwa kila idara na kila mnara, kisha inawasha vilivyo karibu na kuzima vilivyo mbali. Kwa dereva wa masafa marefu anayetoka Columbus, Ohio, akipita kaunti baada ya kaunti, hiyo ndiyo tofauti kati ya skana inayomhudumia na skana inayomtaka abonyeze vitufe huku anaendesha, jambo ambalo hatupendekezi hata kidogo.

Kipokezi gani

Asiyetaka kushika chuma cha kulehemu anunue BC-GPSK ya Uniden yenyewe. Imetengenezwa kwa ajili ya skana hizi. Kabla ya kulipa, hakikisha kebo ya kuingia kwenye skana yako ya mkononi imo kwenye boksi, kwa sababu skana kubwa za gari hutumia plagi tofauti na za mkononi.

Njia ya pili ni Garmin GPS 18x, lakini angalia herufi zinazofuata jina. 18x LVC inakuja na nyaya tupu: nyekundu ni umeme wa volti 5, nyeusi ni hasi, nyeupe ndiyo inayotoa data, kijani inapokea, njano ni mapigo ya saa ambayo huyahitaji. 18x PC ina plagi ya DB9 (ya siriali, yenye pini 9) na ya soketi ya kiberiti cha gari. 18x USB usiiguse, haitoi NMEA. Kasi ya kiwandani ya LVC na PC ni biti 4800 kwa sekunde.

Ya tatu, na ya bei nafuu kuliko zote, ni kibao chenye chipu ya u-blox NEO-6M. Hutoa data kwa kasi ya 9600, mara moja kila sekunde, na ikiona anga vizuri hupata mahali kwa takriban sekunde 27 tangu kuwashwa ikiwa baridi, yaani haina kumbukumbu ya satelaiti. Mafundi wengi wa redio Dar es Salaam na Nairobi wanaifahamu kutoka kwenye kazi za kufuatilia magari.

Pima kwenye kompyuta kabla ya kugusa skana

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayookoa siku nzima ya kubahatisha. Unganisha kipokezi kwenye kompyuta kwa adapta ya siriali inayolingana na volti zake, fungua programu yoyote ya terminali (inayoonyesha herufi zinazoingia kwenye lango la siriali), weka kasi, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Ukiona takataka kwenye kioo, kasi imekosewa. Usipoona kitu, waya wa data au umeme haujafika. Ukiona mistari inayoanza na $GP, uko njiani.

Sasa soma mstari wa RMC. Baada ya saa kuna herufi moja: A maana yake mahali pamepatikana, V maana yake bado. Kipokezi kinachotoa V kinafanya kazi, hakijaona satelaiti za kutosha tu. Kitoe nje, usubiri.

Kuna matatizo mawili ambayo hayaonekani kwa macho hadi ujue pa kutazama.

La kwanza ni jina la mwanzo. Vipokezi vipya kama NEO-M8N husoma GPS pamoja na GLONASS, satelaiti za Urusi, na hapo mistari huanza na $GNRMC badala ya $GPRMC. Mtu anaiona data safi kabisa kwenye kompyuta, anaihamishia kwenye skana, kimya. Skana inayotafuta $GP huipuuza mistari hiyo. Kwa u-blox, tumia programu ya u-center: ama lazimisha jina liwe GP kwenye ukurasa wa CFG-NMEA, ama zima GLONASS. Kisha hifadhi kwa CFG-CFG, la sivyo umeme ukikatika mipangilio inarudi ya kiwandani, nawe utadhani skana imeharibika njiani.

La pili ni msongamano. Kwa kasi ya 4800, kila herufi huchukua biti 10, kwa hiyo waya unapitisha herufi 480 kwa sekunde na si zaidi. Sentensi moja ya NMEA inaweza kufika herufi 82. GGA na RMC pamoja ni kama 150, zinapita bila shida. Ukiacha kipokezi kitoe pia GSA, VTG, GLL na mistari mitatu au minne ya GSV, sekunde inajaa, mistari inakatwa au inachelewa. Zima zote isipokuwa GGA na RMC. Kwenye chipu za MediaTek amri ni hii, iandikwe mstari mmoja bila nafasi:

$PMTK314,0,1,0,1,0,0,0,0,0,0,0,0,0,0,0,0,0,0,0*28

Na ya kushusha kasi hadi 4800 ni $PMTK251,4800*14. Zile tarakimu baada ya nyota ni hesabu ya uhakiki. Ukibadilisha herufi moja ya amri bila kukokotoa upya, chipu itaikataa.

Sisi tungechagua 9600 pale skana inaporuhusu, na 4800 pale kipokezi kinapolazimisha. Kasi zaidi ya hapo haina faida yoyote. Mahali ulipo pakijulikana mara moja kwa sekunde panatosha hata kwenye barabara kuu.

Nyaya na volti

Nyaya za data ni mbili tu: waya wa kutoa data wa GPS uende kwenye waya wa kupokea wa skana, na hasi kwa hasi. Skana haiambii GPS chochote, kwa hiyo waya wa kurudi hauhitajiki. Hasi ndiyo inayosahaulika, hasa GPS inapopata umeme wake kwenye chaja ya gari na skana inatumia betri zake. Bila hasi ya pamoja data haina pa kuegemea.

Volti ndizo zinazoua vifaa. Kibao cha NEO-6M hutoa ishara ya takriban volti 3, na waya ukipumzika hukaa juu. RS-232 ya kweli (ishara ya siriali ya kompyuta za zamani), kama ya 18x PC, hupumzika kwenye volti hasi na huruka kwenda chanya. Kiwango chake kinaruhusu hadi 15 kila upande. Maana ya juu na chini imegeuzwa pia. Ukipeleka RS-232 kwenye mguu wa chipu unaotarajia volti 3.3, unaweza kuuchoma mara ile ile.

Kwa hiyo usiamini mchoro uliokutana nao mahali pasipojulikana, hata kama umechorwa vizuri. Fuata mchoro wa mtengenezaji wa skana yako, halafu chukua multimita na upime waya wa kutoa data wa skana dhidi ya hasi, skana ikiwa imewashwa na imetulia. Ukisoma karibu 3.3 chanya, ni ishara ya chipu. Kibao cha NEO-6M kinaingia moja kwa moja. Ukisoma volti hasi, ni RS-232, na kibao kinahitaji chipu ya MAX3232, inayobadilisha volti, katikati pamoja na kapasita zake nne za mikrofaradi 0.1. Ukisoma sifuri, ama umeshika waya usio wenyewe, ama ishara imegeuzwa bila kushuka hasi. Simama hapo, rudi kwenye mchoro.

Wenye plagi za DB9 wana mtego wao. GPS ya aina hii imetengenezwa iingie kwenye kompyuta, na kebo ya siriali ya skana nayo vivyo hivyo. Zote zina plagi za kike, zote zinatoa data kwenye pini namba 2. Ukizishika mkononi haziingiani, na ukiweka kipande cha kiume kwa kiume bado zitapigana, mtoaji kwa mtoaji. Kinachotakiwa ni adapta inayovusha pini 2 kwenda 3, na 3 kwenda 2, huku 5 ikibaki 5. Ukinunua, hakikisha imeandikwa kuwa ni ya kuvusha. Nyingi zilizopo dukani zinabadilisha jinsia tu.

Usilishe GPS kutoka kwenye tundu la data la skana. Ipe volti 5 zake. Na katika kebo uliyojitengenezea, zile volti 5 zisiguse mguu wa umeme wa USB wa skana. BCD436HP na SDS100 zikiona umeme hapo hudhani zimechomekwa kwenye kompyuta, na kioo kinauliza kama unataka kufungua kadi ya memori au lango la siriali. Ukiona swali hilo kila unapochomeka GPS, waya wa umeme umevuka.

Kelele na mahali pa kuweka

Chaja za bei rahisi za soketi ya kiberiti hupiga kelele ya redio ambayo GPS haiijali lakini skana inaumia nayo. Dalili yake: GPS inafanya kazi safi, ila vituo vya mbali vilivyokuwa vikisikika vimefifia. Chomoa chaja ukisikiliza kituo dhaifu. Kikirudi, mwizi umempata. Badilisha chaja, au bana kipande cha feraiti kwenye kebo karibu na chaja, na uweke GPS angalau sentimita 30 kutoka kwenye antena ya skana.

Kioo cha mbele chenye tabaka la chuma la kuzuia joto huzuia pia mawimbi ya satelaiti ya 1575.42 MHz. Katika magari hayo weka kipokezi juu ya paa au kwenye kioo cha nyuma.

Mipangilio ndani ya skana

Kwenye menyu tafuta mipangilio ya lango la siriali, weka kasi ile ile uliyoithibitisha kwenye kompyuta. Likiwa limezimwa, hata nyaya kamilifu hazisaidii.

Kisha kuna swichi ambayo wengi hawaijui: kwenye skana kama BCD436HP na SDS100, kila orodha ya vipendwa ina mpangilio wake wa kutii mahali au kutotii. Ikiwa umezimwa, orodha hiyo itasikilizwa popote ulipo, nawe utalaumu GPS. Ikiwa umewashwa na idara zako hazina viwianishi (latitudo na longitudo), skana itanyamaza kabisa.

Umbali unaoweka unahesabiwa kwa maili. Kwa gari anza na maili 10. Ukiona mnara unazimwa huku bado unasikika vizuri, ongeza hadi 15. Ukiweka 30 karibu na mji mkubwa, skana itawasha mifumo mingi kiasi kwamba mzunguko wake unachelewa na unakosa mwanzo wa mazungumzo.

Kwa wanaoandika viwianishi kwa mkono: NMEA huandika digrii na dakika zikiwa zimeshikana. 3957.67 si digrii 39.5767. Ni digrii 39 na dakika 57.67, yaani 39.9612, ambayo ni Columbus katikati ya mji. Ukisoma vibaya, umehamisha mnara takriban kilomita 43 kusini, na GPS nzuri itauzima kila unapoukaribia.

Sheria, na matumizi nje ya Marekani

Ohio na Indiana zinapakana, lakini Indiana ina sheria inayobana kumiliki redio ya kubebeka inayopokea masafa ya polisi, na New York inabana redio hizo ndani ya gari. Indiana na New York zote mbili zinawasamehe wenye leseni ya redio ya ridhaa. Soma sheria ya kila jimbo lililo kwenye njia yako kabla ya kuondoka.

Orodha iliyomo kwenye kadi ya BCD436HP na SDS100 ni ya Marekani na Kanada. Aliye Mombasa au Tanga hatakuta kitu humo. Atajiandikia orodha yake mwenyewe ya masafa anayoruhusiwa kusikiliza, baada ya kuuliza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Akifika kwenye viwianishi, ahakikishe latitudo ni S na longitudo ni E, si N na W kama za Amerika Kaskazini, kwa sababu herufi moja iliyosahaulika inatosha kuiweka bandari ya Tanga mahali ambapo GPS haitafika kamwe.